Pika kwa Saa ya Kuliwa

Vitumbua vile vilikuwa vizuri saa tatu usiku. Najua, kwa sababu nilivionja vitatu nikiwa nimesimama jikoni, Tabata, Dar es Salaam, begi la safari liko mlangoni. Kingo zilikuwa za kahawia, katikati laini, tui la nazi linanukia hadi kwa jirani. Nikavipanga kwenye hotipoti vikiwa vya moto, nikakaza mfuniko, nikaenda kulala na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Saa kumi na mbili asubuhi basi la Mbeya likatoka Mbezi. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, jua la saa saba liko utosini, konda akatangaza dakika kumi na tano: wa kuchimba dawa akachimbe, wa kula ale. Nikafungua hotipoti. Harufu ilinijibu kabla macho hayajaona. Nilipokishika kitumbua cha juu, kilivuta uzi kama bamia.

Mama mmoja wa makamo niliyekaa naye kiti kimoja alitazama, akanyamaza kidogo kwa heshima, kisha akafungua kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vipande vya mkate vilivyokauka vikawa kama vigae, karanga, na biskuti ndogo za mviringo zilizopasuka juu. Akanikunjulia leso. "Kula mwanangu," akasema. "Ila siku nyingine, cha moto usikifungie."

Tangu siku hiyo nimesafiri mara nyingi, na nimekuwa mfanyakazi wa ofisini anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Nimekuja kuona kwamba safari na kazi, kwa upande wa tumbo, ni kitu kimoja: unakaa mbali na jiko lako kwa saa nyingi. Kosa letu wengi ni kupika kwa saa ya kupika. Tunaonja hapo hapo, tunaridhika, tunafunga. Chakula cha kubeba kinatakiwa kipikwe kwa saa ya kuliwa. Kabla hujawasha moto jiulize kitaliwa lini, wapi, katika joto gani, na wewe utakuwa umekaa namna gani. Majibu hayo ndiyo yatakayochagua unga.

Nianze na hotipoti, kwa sababu ndiyo inayotuponza. Tunaiamini kana kwamba inalinda chakula, nayo inalinda joto tu. Chakula kikiwa juu ya nyuzijoto 60, vijidudu vingi haviwezi kuzaliana. Kikishuka chini ya hapo, na kabla hakijawa baridi ya nyuzi 5, vinajiona viko kwao. Hotipoti nzuri hushikilia moto ule wa juu kwa saa chache, kisha kinachobaki ni uvuguvugu uliofunikwa vizuri. Aliyewahi kuumua unga wa maandazi anajua uvuguvugu uliofunikwa hufanya kazi gani.

Na usidhani kwamba kupika kuliua kila kitu. Mchele na unga hubeba bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao wana namna ya kujifungia kwenye ganda linalostahimili moto wa jikoni. Chakula kikipoa polepole, huamka. Hao ndio huufanya wali wa jana ulioachwa mezani uwe hatari, na ndugu zao ndio huufanya mkate uvute uzi ndani. Kupasha moto hakuokoi kila mara, maana mojawapo ya sumu wanazoziacha haivunjwi na moto. Kanuni ninayoifuata kwa chochote chenye nyama, mayai laini, maziwa, wali au nazi ni saa mbili nje ya friji, na ikiwa ni ile Februari ya Dar ambayo hata ukuta unatoka jasho, saa moja. Kwa hiyo hotipoti yangu ina kazi moja: chakula cha moto kweli kweli, cha kuliwa asubuhi hiyo hiyo. Pilau la kutoka Tabata kwenda Morogoro, sawa. La kwenda Mbeya, hapana.

Sasa kwa nini biskuti za yule mama zilikuwa nzima, nazo alikuwa amezipika, kwa maelezo yake, Jumapili iliyopita? Kwa sababu hazikuwa na maji. Kuvu na bakteria wanahitaji maji kama sisi. Kila kitu tunachooka au kukaanga nyumbani unaweza kukipanga kwenye ngazi kwa kujiuliza kimebaki na maji kiasi gani. Chini kabisa, kwenye majimaji, kuna vitumbua, mkate wa kumimina, sambusa za nyama na keki yoyote yenye krimu. Hivi ni vya siku hiyo hiyo, ndani ya zile saa mbili. Katikati kuna maandazi, chapati, skonzi na keki ya kawaida. Siku mbili, tatu, hata nne kama hali ya hewa ni ya Iringa. Juu, kwenye ukavu, kuna visheti, nankatai, kashata za karanga na mkate uliookwa mara mbili; hapo unahesabu kwa wiki. Sukari nayo husaidia, si kwa utamu wake tu: huyashika maji yaliyopo yasipatikane kwa vijidudu. Ndiyo maana kisheti kilichogandiwa na shira hudumu kuliko andazi, ingawa vyote vimetoka karai moja. Kashata ya nazi haifiki mbali kama ya karanga, kwa kuwa nazi mbichi ina maji yake. Na karanga zenyewe zichambue: iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupe, usiikaange ukidhani moto utaitakasa.

Kuhusu ule mkate uliookwa mara mbili, sio uvumbuzi wa watu wa basi. Neno biskuti lenyewe, ukilifuata nyuma hadi Kilatini, lina maana hiyo hiyo: kilichookwa mara mbili. Mabaharia waliishi kwa vitu hivyo miezi na miezi. Wewe chukua mkate wa juzi, ukate vipande vyembamba kama kidole cha mwisho, uvipange bila kugusana, uviache kwenye moto mdogo sana mpaka vikivunjwa vinalia. Ukivitoa na katikati bado panabonyea, rudisha. Unyevu ule mdogo uliobaki katikati ndio utakaootesha kuvu siku chache baadaye.

Lakini kitu ninachotaka ukijue kwa mkono ni nankatai, biskuti ya Wahindi ambayo Pwani tumeifanya yetu. Haina yai, haina maziwa, haina hata tone la maji. Chekecha unga wa ngano gramu 250, yaani vikombe viwili vya kawaida, pamoja na robo kijiko cha chai cha beking pauda na chembe za chumvi. Pembeni, piga samli gramu 150 na sukari ya unga gramu 90 mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Huna sukari ya unga? Saga ya kawaida kwenye blenda. Tia iliki mbichi ya kutwanga, kijiko cha chai kilichojaa. Ile ya pakiti iliyokaa dukani mwaka mzima inanuka vumbi. Ukiwa na semolina, vijiko viwili vya chakula vitaipa ule mchakacho. Changanya kwa vidole mpaka unga ushikane. Ukikataa kushikana, ongeza samli kijiko kimoja, si maji. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mkono unaenda kwenye bomba wenyewe. Tengeneza vidonge vidogo kama limau dogo, bonyeza kidogo juu, tia kipande cha lozi au korosho. Utapata kama thelathini.

Kwenye oveni ni nyuzijoto 160 au 170, dakika ishirini hivi, na zitolewe zikiwa bado nyeupe juu, chini zimeanza kuwa kahawia. Zitakuwa laini, utadhani mbichi. Ziache. Zinakaza zikipoa.

Asiye na oveni asiruke aya hii, maana nyumba nyingi ninazozijua zinaoka bila oveni na zinaoka vizuri. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza ndani mchanga mkavu wa mto kina cha vidole viwili. Wa baharini usitumie, chumvi yake itakula sufuria. Funika, weka juu ya jiko la mkaa dakika kumi na tano ishike moto. Kisha ingiza trei ndogo au sahani ya bati juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa wa bati, upalie makaa juu. Siri yote iko katika mgawanyo: makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wanaolalamika kwamba keki imeungua chini na juu ni uji wamefanya kinyume. Kipimo changu ni kipande cha karatasi nyeupe: nikikiweka ndani na baada ya dakika tatu kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, moto uko sawa kwa biskuti, kikiwa cheusi, napunguza makaa na kusubiri. Na tafadhali, jiko la mkaa likae uani au kibarazani. Moshi wake mbaya ni ule usioonekana wala kunuka, na chumba kilichofungwa madirisha si mahali pa kuokea chochote.

Keki ni hadithi nyingine, na hapa nina msimamo ambao dada yangu anaupinga kila tukikutana. Kwa safari na kwa kazini, achana na siagi, oka keki ya mafuta. Siagi ina ladha, sibishi. Lakini siagi huganda kukiwa na baridi, na keki yake huganda nayo. Uliyoitoa Dar ikiwa laini, ukiifungua Makambako saa kumi na moja jioni unakuta tofali. Mafuta ya kupikia hayagandi kirahisi hivyo, kwa hiyo keki yake hubaki laini siku ya tatu na ya nne, na haihitaji upendo mwingi: mayai matatu na sukari kikombe kimoja vipigwe mpaka vipauke, mafuta robo tatu ya kikombe yamiminwe polepole, juisi ya machungwa nusu kikombe, maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa, kisha unga vikombe viwili uliochekechwa na beking pauda vijiko viwili vya chai. Juisi hiyo ni badala ya maziwa, na mimi naipenda kwa sababu chungwa linaficha harufu ya yai, ambayo kwenye basi lililofungwa madirisha humfikia kila mtu. Oka kwa nyuzi 180, dakika arobaini au zaidi kidogo, mpaka kijiti kitoke kikavu.

Dada yangu anaishi Mbeya, na kwa miaka miwili alinilaumu kwamba nimempa vipimo vya uongo. Keki yake iliumuka kama mlima kisha ikadidimia katikati. Kosa halikuwa lake wala langu. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na gesi ya beking pauda hutanuka kupita kiasi kabla unga haujakaza. Kule punguza beking pauda, kijiko kimoja na robo kinatosha kwa kipimo hiki, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, moto uzidi kidogo. Ndugu wa Njombe na wa Arusha nao walizingatie hili wanapochukua vipimo kutoka kwa watu wa Pwani.

Ukishaoka, kazi ngumu kuliko zote ni kusubiri. Keki ya moto inatoa mvuke. Ukiifunga, mvuke unakosa pa kutokea, unagonga mfuniko, unageuka maji, unadondoka juu ya keki, na umeipa kuvu kile kile ulichokuwa umekiondoa kwa moto. Iache juu ya wavu, chini kupite hewa, mpaka ukiigusa tumboni haina joto hata kidogo. Kwa keki nzima ni saa mbili au tatu, ndiyo maana haiokwi usiku wa kuamkia safari. Oka mchana wa jana yake. Visheti na nankatai oka hata siku nne kabla. Usiku wa mwisho uwe wa kufunga begi na kulala.

Cha kufungia tunacho tangu zamani. Mifuko ya plastiki ya kubebea iliondoka Tanzania Bara Juni 2019, Kenya walikuwa wameshatangulia mwaka 2017 na Rwanda mapema zaidi, na kwa mwokaji sioni hasara. Kitu kikavu kinataka kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Kitu cha katikati, maandazi au skonzi, kinataka kitambaa safi cha pamba ndani ya kikapu au bahasha ya kaki, kipumue. Usichanganye ngazi mbili katika kopo moja: nankatai ukizilaza na keki, kesho zimenyonya unyevu wa keki, zimelegea, na keki imekauka. Umepoteza vyote viwili.

Njiani nako kuna akili yake. Sisemi usinunue chochote. Raha ya safari ni pamoja na korosho za Chalinze na mahindi ya kuchoma unayopewa dirishani basi likitaka kuondoka, chenji inakujia kwa mbio. Chagua tu chenye ganda lake mwenyewe, yaani ndizi, chungwa, karanga, yai ambalo utalimenya wewe. Au kilichotoka motoni machoni pako. Yai lililokwisha kumenywa, likapasuliwa, likatiwa kachumbari tangu asubuhi na kukaa kwenye ndoo, mimi naliacha lipite. Mishikaki iliyopoa pia. Kwa hiyo kikapu changu hakishindani na barabara, kinaziba mapengo yake: kitu cha kula saa moja asubuhi kabla basi halijasimama popote, na kitu cha saa kumi jioni baada ya Mlima Kitonga, pale ambapo watoto wote ndani ya basi wameanza kulia kwa zamu.

Urefu wa njia umebadilika pia, na kikapu kifuate. Dar hadi Dodoma ilikuwa siku ya kufungashwa. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ni safari ya takriban saa nne au pungufu, na kikapu kidogo kinatosha, ingawa sambusa za nyama bado zinafuata kanuni ya saa mbili. Kinyume chake, mtu anayekwenda na reli ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi ana kilomita 1,860 mbele yake, na huyo afungashe kama baharia. Kwenye boti ya Unguja na Pemba shida si muda, ni mawimbi. Huko epuka mafuta na utamu mwingi. Biskuti kavu ya tangawizi, ulaji wa kidogo kidogo, macho yakitazama mbali. Imewasaidia wengi niliosafiri nao, na asiyesaidiwa angalau hana cha aibu cha kutapika.

Kwa wenye watoto wanaosoma ng'ambo, ngazi ile ya ukavu inakutana na sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu abiria anayetoka nje ya umoja huo kuingia na nyama wala maziwa ya kwake, lakini mikate na biskuti kavu zisizo na nyama wala krimu kwa kawaida hazina kizuizi. Ndiyo maana visheti vya mama hufika na sambusa za mama huishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Jemu na siagi ya karanga, kwenye begi la mkononi, huhesabiwa kama kimiminika, na kikomo cha viwanja vingi bado ni mililita 100. Zitie kwenye begi kubwa au zibaki nyumbani. Kila nchi ina masharti yake, soma kabla ya kufungasha.

Sasa turudi kazini, ambako ndiko wengi wetu tunasafiri kila siku bila kuita safari. Anayetoka nyumbani kabla ya kuku, akapanda daladala, kisha mwendokasi, akafika saa moja na nusu, njaa yake inamkuta mlangoni mwa ofisi. Hapo kuna mama lishe na supu yake, na mimi ni mteja wake mwaminifu kwa chakula cha mchana; wali wake wa moto ni salama kuliko wangu uliokaa begini kwa saa saba. Ninachobeba ni cha asubuhi na cha saa kumi. Kwa hiyo naoka Jumapili alasiri, mara moja, kwa wiki nzima, na ngazi inanipangia ratiba. Jumatatu na Jumanne naanza na skonzi, kwa kuwa hazisubiri. Jumatano na Alhamisi keki ya mafuta. Ijumaa, ambapo nimeshachoka na ofisi imeshachoka nami, nafungua kopo la nankatai.

Mkate na skonzi usivitie kwenye friji. Najua inaonekana busara. Baridi ile ya friji ndiyo huufanya wanga wa mkate ugande upesi zaidi, na mkate wa siku moja unakuwa kama wa siku tatu. Mahali pake ni pawili tu: mezani ndani ya kitambaa kwa siku mbili, au kwenye friza kabisa, umekatwa vipande, ufungwe vizuri. Kipande kilichogandishwa ukikitoa saa kumi na moja alfajiri kinayeyuka chenyewe njiani na saa mbili kinalika kama cha jana. Maandazi pia yanakubali friza, ila yapashwe kwenye kikaango kikavu, si kwenye maikrowevu, ambayo huyafanya raba.

Na ukifungua kopo ofisini, fungua ukijua. Kwetu huli keki peke yako mbele ya watu wanane. Mimi hukata vipande vidogo, natoa karibu mara moja, sirudii, na kipande changu cha saa kumi kiko kwenye droo. Huo si uchoyo. Ni hesabu.

Punde atatokea wa kusema, "Dada, kwa nini usituuzie?" Sikukatazi, akina mama wengi wamesomesha watoto kwa trei za keki. Lakini usitaje bei siku hiyo. Nenda nyumbani uandike kila kitu: unga, mayai, samli, mkaa au gesi, iliki ambayo bei yake wewe mwenyewe umekuwa ukiogopa kuiangalia, nauli ya kubeba trei, na saa zako nne za Jumapili. Wengi huhesabu unga na sukari, wanaona faida, na baada ya miezi mitatu wanashangaa mtungi wa gesi unaisha upesi. Jambo la pili ni daftari. Ofisini watu wanakula leo na kulipa mshahara ukitoka, na mshahara ukitoka ghafla kila mtu ana vikao nje. Mimi niliuza miezi minne. Keki ilikuwa nzuri, daftari lilijaa, urafiki ukaanza kupata nyufa, nikaacha. Ukiamua kuuza, uza kwa fedha taslimu au kwa simu kabla kipande hakijatoka kwenye trei. Na ukipanua ukataka kuweka madukani, jua kwamba tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula Tanzania Bara yako chini ya Shirika la Viwango, TBS. Waendee ukawaulize masharti mapema, kabla hujachapisha lebo.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Mbeya. Nankatai zilitoka Jumanne, keki Alhamisi mchana, na alfajiri ya Ijumaa nikakaanga vitumbua sita tu, kwa sababu bado navipenda. Nikaviacha vipoe kwenye sinia wakati navaa, nikavitia kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa. Vililiwa kabla ya Chalinze, viwili vikiwa vya kijana wa kiti cha pili ambaye hakuwa amebeba chochote. Kopo la bati nililifungua baada ya Kitonga. Lilirudi Dar tupu, kwa hiyo nililiosha kwa maji ya moto, nikalianika juani mdomo chini mpaka likakauka kwenye kingo zote, kisha nikalihifadhi bila mfuniko. Likifungwa lingali na unyevu linapata harufu ya kutu, na harufu hiyo biskuti zinazofuata zitaibeba.